Gari likipuliza joto muda wote, usikimbilie kuongeza gesi

Na Mwandishi Wetu, Masasi

DEREVA anayetoka Masasi kuelekea Nachingwea mwezi Oktoba, wakati wa msimu wa korosho na kabla ya mvua kuanza, huonja ukali wa jua hata kabla hajafika Lukuledi. Hufunga vioo, huwasha kiyoyozi, kisha hugundua kuwa matundu ya dashibodi yanatoa hewa ya moto. Akifika gereji, jambo la kwanza analomwambia fundi ni kuongeza gesi.

Mara nyingine fedha hizo hupotea bure, kwa kuwa hitilafu haipo kwenye kiyoyozi bali kwenye hita, kifaa ambacho wakazi wengi wa maeneo ya joto husahau hata kuwa kimo ndani ya gari.

Joto linakotoka

Injini hupozwa kwa maji yanayozunguka kati yake na rejeta. Injini ikishapata moto, maji hayo hufikia takribani nyuzi joto 90. Sehemu ya maji hayo hupitishwa kwenye mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni inapopuliza hewa juu yake, hewa hiyo huingia ndani ikiwa ya moto. Hiyo ndiyo hita.

Joto hilo huzuiwa kwa njia mbili. Katika magari mengi ya zamani ipo koki inayofunga maji yasiingie kwenye hita. Katika mengine mengi maji hupita muda wote, na kilango kidogo ndani ya dashibodi ndicho huamua hewa ipite kwenye hita au ipite kando. Kilango hicho huvutwa kwa kebo au huzungushwa na mota ndogo ya umeme.

Kebo ikichomoka au mota ikifa, kilango kinaweza kukwama upande wa joto. Hapo hata kiyoyozi kilicho kizima hakitamsaidia dereva, kwani hewa hupozwa kwanza, kisha hupashwa moto na hita kabla ya kumfikia.

Vipimo vitatu

Kwanza, zima kiyoyozi, weka kitufe cha joto upande wa baridi kabisa na uruhusu hewa ya nje iingie gari likiwa katika mwendo. Hewa hiyo inapaswa kukaribiana na ile ya nje. Ikiwa ina joto zaidi kwa kiasi kikubwa, hita ndiyo inayoshukiwa.

Pili, bila kugusa kitufe hicho, zima injini, fungua boneti na uisogelee kwa tahadhari mipira miwili inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Kwa gari lenye koki, mpira ulio baada ya koki unapaswa kuwa na joto pungufu. Mipira yote miwili ikiwa ya moto, koki haifungi au kebo yake imelegea. Kwa gari lisilo na koki, mipira yote kuwa ya moto ni jambo la kawaida, hivyo kinachopaswa kukaguliwa ni kilango. Mlio wa kugonga-gonga ndani ya dashibodi kitufe kinapozungushwa mara nyingi huashiria meno ya mota yamevunjika.

Tatu, washa injini na kiyoyozi, ukiweka mikono na nguo mbali na mikanda na feni. Bomba nene linalorudi kwenye kompresa linapaswa kuwa la baridi na kutoa jasho. Likiwa la baridi ilhali hewa ya ndani ni ya moto, tatizo ni kilango. Lisipopoa, ndipo kiyoyozi chenyewe kikaguliwe: fyuzi, kompresa, feni ya mbele na kiasi cha gesi.

Ikumbukwe kuwa gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Ikipungua kwa kiasi kikubwa, ipo sehemu inayovuja, na kuongeza nyingine bila kuziba ni kuahirisha tatizo. Ikizidi kipimo, nayo hupunguza ubaridi.

Tazama geji ya joto

Kero hii isimfanye dereva asahau injini. Zulia likilowa miguuni mwa abiria, vioo vikipata ukungu na harufu tamu ikisikika, huenda hita inavuja na maji ya rejeta yanapungua. Hatari ni kubwa zaidi iwapo hita iliyowekwa upande wa joto itaanza ghafla kutoa baridi huku geji ikipanda. Hiyo ni dalili kwamba maji yamepungua mno, na gari linapaswa kusimamishwa mara moja.

Kwa anayepanda mlima kuelekea Newala na kuona geji inaanza kupanda, hita hugeuka kuwa msaada. Azime kiyoyozi, afungue vioo na kuwasha hita kwa nguvu zote ili ipunguze joto la injini, kisha asimame mahali salama. Asifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto. Maji yaliyo chini ya shinikizo huweza kupita nyuzi joto 100 bila kuchemka, na mfuniko ukifunguliwa huruka na kuunguza.

Wapo wanaochagua kuikata hita kabisa. Hatua hiyo huondoa joto, lakini mipira inapaswa kuunganishwa na si kuzibwa, kwa kuwa katika baadhi ya injini njia hiyo ni sehemu ya mzunguko wa maji.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia gesi, dereva amweleze fundi matokeo ya vipimo hivyo. Koki au kebo iliyochomoka inaweza kurekebishwa palepale Masasi, bila safari ya takribani kilomita 200 hadi Mtwara.