Tansio na sigara: namna ya kumsaidia mgonjwa aache

Mgonjwa wa tansio mwenye kuvuta sigara iko na shida moja: mara nyingi hasikii kitu. Tansio inaweza kubaki juu miaka mingi bila kichwa kuuma, na sigara yenyewe anaona inamtuliza. Kwa hiyo munganga akimwambia tu "acha, utakufa", anaitika ndiyo, anatoka, anawasha ingine njiani.

Hapa Mulungwishi, kwenye misheni ya Wamethodisti, kuna pia haya. Baba anaweza kuficha kwamba anavuta, na akificha hakuna wa kumsaidia. Basi ulizo la kwanza lisiwe la kumhukumu. Umwulize: "Baba, sigara inakusaidia nini? Na kitu gani hutaki kupoteza?" Mmoja atataja shamba lake, mwingine kamiyo yake ya kwenda Kolwezi. Ile sababu yake mwenyewe iko na nguvu kuliko mahubiri yetu.

Kisha umweleze vile mambo yanaenda. Kila sigara, nikotini inafanya moyo upige mbio na mishipa ijikaze, tansio inapanda kwa muda. Ndiyo maana wanaomba usivute nusu saa mbele ya kupimwa. Moshi unaleta pia gesi ile ile ya mbabula yenye kuua watu wakilala nayo ndani ya nyumba. Mishipa ambayo tansio imekwisha kuchokesha inaumizwa tena. Hapo ndipo kunatoka kupooza upande mmoja, ao moyo kusimama.

Lakini musimdanganye. Kuacha sigara peke yake hakushushi kila mara tansio kutoka 16 kwa 10 mpaka 12 kwa 8. Wengine wanapima kisha mwezi moja, wanaona namba ni karibu ile ile, wanarudilia. Faida kubwa iko kwenye moyo: OMS inasema kisha mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inabaki karibu nusu ya ile ya mwenye kuvuta. Dawa za tansio aendelee kunywa.

Siku za kwanza ni hasira na kukosa usingizi. Hamu ikikamata, inapita kisha dakika chache: anywe maji, atembee kidogo, asipite kwenye duka lenye kuuzisha sigara moja moja. Mama wa nyumba, akirudilia usimtukane. Wengi wanaacha mara nyingi mbele ya kuacha kabisa. Muhesabu pamoja siku alizoweza, na achague tarehe ingine.