Kuandaa Michezo Mikubwa (2): Wageni Watalala Wapi?

Wiki iliyopita tuliona Durban ikipokonywa uenyeji wa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022, dhamana za serikali zilipokosa kutimia. Michezo ikaishia Birmingham. Leo twende Senegal.

Oktoba 2018, Dakar ilipewa Michezo ya Olimpiki ya Vijana, ya kwanza ya Olimpiki kufanyika Afrika. Ilikuwa iwe 2022. Korona ikaisogeza hadi 2026, kuanzia 31 Oktoba hadi 13 Novemba.

Tukisikia maandalizi, wengi wetu huulizia uwanja. Mimi huulizia vitanda. Wanamichezo wapatao 2,700, wakubwa wao wakiwa na miaka 17, watahitaji kulala, kula, kufua, kutibiwa, na kufika mashindanoni bila kuchelewa. Kijiji chao ndicho mtihani mgumu kuliko uwanja, kwa kuwa uwanja utapata mechi nyingine, lakini maelfu ya vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya majuma mawili vitapangishwa kwa nani?

Senegal imelijibu swali hili vizuri, nami naipongeza kwa dhati. Kijiji ni Chuo Kikuu cha Amadou Mahtar Mbow, kilichopewa jina la Msenegali aliyeongoza UNESCO kuanzia 1974 hadi 1987. Kipo Diamniadio, mji mpya nje ya Dakar, ulio pia na uwanja wa Abdoulaye Wade wenye viti 50,000 uliofunguliwa Februari 2022. Treni ya TER, iliyoanza kubeba abiria mwishoni mwa 2021, inauunganisha mji huo na katikati ya Dakar. Vijana wakirudi kwao, vyumba vina wenyewe: wanafunzi.

Wakenya wanaijua njia hii. Mwaka 2017, mashindano ya dunia ya riadha ya vijana wa chini ya miaka 18 yalipofanyika Kasarani, wanariadha walilala katika Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Lakini mwenye chumba naye ana haki yake. Ratiba ya masomo lazima ipangwe mapema, mitihani isigongane na michezo, na mwanafunzi anayetoka mbali ajue tarehe ya kuondoka na ya kurejea kabla hajakata tiketi ya basi. Wapangaji wengi hulikumbuka hili mwishoni, mizigo ya wageni ikiwa tayari mlangoni.

Wiki ijayo: jikoni, na nani hupika.