Kuanza Kuwekeza Katika Ardhi (2): Mshauri Wako Analipwa na Nani?

Wiki jana tulieleza kwamba Mkenya anayetaka kuwekeza katika ardhi na nyumba kwa kawaida huanza kwa kutafuta ploti, ilhali angepaswa kuanza kwa kumtafuta mtu wa kumwongoza. Swali la leo ni namna ya kumjua mtu huyo. Nashikilia kwamba kabla ya kuuliza elimu yake au miaka aliyokaa katika kazi hiyo, uliza malipo yake yanatoka wapi. Broka hulipwa ploti ikinunuliwa. Isiponunuliwa, jasho lake la mwezi mzima limepotea bure. Kampuni inayokatakata shamba na kuwapeleka wateja kulitazama kwa basi Jumamosi iko katika hali iyo hiyo. Sisemi kwamba hawa ni waongo. Nasema kwamba kazi yao inakwisha pale unapotia saini, na shida zako, kama zipo, zinaanza papo hapo.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilikuwa na hatimiliki ya ardhi iliyopakana na ufuo wa Nyali. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta wake ili kufungua njia ya umma kwenda baharini. Kampuni ilijitetea kwamba ilinunua kwa nia njema na kwamba hati yake ilikuwa halali. Majaji walirudi nyuma hadi mwanzo wa ardhi yenyewe: ilikuwa uwanja wa umma, na mgao wa kwanza, aliopewa Daniel arap Moi mwaka 1989 akiwa rais, haukufuata sheria. Kwa kuwa chimbuko lilikuwa na kasoro, hati zote zilizozaliwa baadaye ziliirithi, na nia njema ya mnunuzi haikumwokoa. Katiba ya 2010 ilikwisha kusema, katika kifungu cha 40, kwamba ulinzi wa mali hauhusu mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Tafakari sasa: ni broka gani angemkatisha tamaa mteja kwa sababu ya mgao wa 1989, na jina la rais liko kwenye rekodi? Upekuzi wa kawaida katika afisi ya ardhi humtaja mwenye hati wa leo na madeni yaliyowekwa juu yake. Kuchimbua ramani za zamani na barua za mgao ni kazi ya wakili na mpima ardhi, tena wale unaowalipa wewe, wapate ada yao hata wakikwambia usinunue.

Wapo watakaopinga kwamba mawakala wamewekewa sheria tangu 1984, Sura ya 533, inayowataka wasajiliwe na bodi yao. Ni kweli, na mwenye kutumia wakala ahakikishe amesajiliwa. Hata hivyo usajili haubadilishi chanzo cha malipo. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba hata mawakili wamewahi kushirikiana na walaghai. Hili silikani. Ndiyo maana wakili anayeletwa na muuzaji, mara nyingi kwa ahadi kwamba huduma yake ni ya bure, si wakili wako. Mtafute mwingine, na jina lake ulihakiki kwa Chama cha Mawakili. Wanaonunua wakiwa Doha au Dallas huwategemea ndugu, na undugu ni amana kubwa. Lakini ndugu mwaminifu asiyejua kusoma ramani ya upimaji atadanganywa kwa uaminifu wake wote.

Kuna wanaolalamikia gharama. Ploti ya bei nafuu, wanasema, haistahili ada za wataalamu wawili. Mimi naona mwenye akiba ndogo ndiye asiyeweza kupoteza hata mara moja. Chukua shamba la kilimo: mauzo yake yanahitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba, la sivyo mkataba kwa kawaida huwa batili. Mshauri uliyemlipa mwenyewe atakuambia hayo kabla hujatoa arubuni.