Mwiko wa Mwashi Mkononi mwa Mama

Katika jamii ya Wasomali wafugaji wa Wajir, nyumba ni kazi ya mwanamke tangu kuanza hadi kwisha. Yeye ndiye akatae fito na mizizi ya miti na kuikunja ingali mbichi ili ishike umbo la upinde. Yeye ndiye asukae mikeka ya kuizungushia na kuiezekea. Binti akishaposwa, mama yake, shangazi zake na majirani hukaa miezi wakisuka, ili siku ya harusi aqal iwe tayari. Wakati wa kuhama huivunja mwenyewe, huipakia juu ya ngamia, na wafikapo malishoni huisimamisha tena kabla ya giza kuingia. Mume aweza kuwa na ngamia mia, lakini usiku hulala katika nyumba ya mkewe.

Tumeanza na jambo hili kwa sababu linasahauliwa kila panapozungumzwa habari ya kujenga upya kaskazini mashariki mwa Kenya. Maafa yanapopita, huja semina na huja orodha ya vijana wa kufundishwa uashi. Aghlabu katika orodha hiyo hakuna jina hata moja la mwanamke. Aliyekuwa mjenzi wa nyumba kwa karne nyingi huambiwa asubiri afunguliwe mlango.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa siku moja. Ukame baada ya ukame umewapunguzia watu mifugo, na familia nyingi zimehamia mijini na pembezoni mwa barabara: Wajir mjini, Habaswein, Griftu, Buna. Aliyetulia mahali pamoja hutamani ukuta na bati, na hakuna wa kumlaumu. Mji wa Wajir wenyewe umekaa juu ya mwamba wa chokaa, na majumba yake ya zamani ya mawe meupe humkumbusha mgeni kutoka Lamu au Mombasa mitaa ya kwao. Lakini pamoja na ukuta, ujenzi ukatoka mikononi mwa mama ukaenda kwa fundi, na mara nyingi fundi huyo hutoka mbali, hulipwa kwa siku, na akishamaliza haonekani tena.

Kisha yakaja maji. Baada ya misimu mitano ya mvua kukosekana mfululizo, mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 zilinyesha kwa nguvu ya El Niño, na kaunti za Mandera, Wajir, Garissa na Tana River zilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Nchini kote zaidi ya watu 100 walifariki na mamia ya maelfu wakahama makwao. Wazee waliikumbuka mvua ya 1997, ambayo nayo iliigeuza Wajir kuwa bahari na kufuatiwa na homa ya Bonde la Ufa iliyoua watu na mifugo. Safari hii barabara ya Nairobi kwenda Garissa ilikatika karibu na Madogo, na malori yakakwama. Saruji haikufika, wala mabati, wala fundi wa kutoka nje. Mtu akitafuta sababu ya kufundisha waashi wa papo hapo, hiyo peke yake yamtosha.

Kuta zilizoanguka hazikuangushwa na maji tu. Zilikuwa na kasoro ambazo waashi wazoefu wanazijua kama wanavyojua majina ya watoto wao: msingi mfupi uliolingana na uso wa ardhi, matope mahali pa saruji, pembe za ukuta zisizofungamana, na paa lililowekwa juu bila kufungwa. Ukuta wa namna hiyo husimama maadamu hakuna kinachoujaribu.

Na hapa inafaa tujifunze kwa waliopatwa na mtihani mkali kuliko wa maji, yaani tetemeko la ardhi. Wajir haimo katika Bonde la Ufa, na matetemeko makubwa si mazoea yake. Lakini kinachouangusha ukuta katika tetemeko ni kasoro zile zile, na waliozichunguza kwa makini zaidi ni wale walioona maelfu ya kuta zikilala kwa dakika moja. Afrika Mashariki haiko mbali na habari hizo. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia, hapa Kenya. Agosti 2020 jingine lililoanzia baharini karibu na Dar es Salaam liliwatoa watu nje ya majumba hadi Mombasa. Na Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, Bukoba na vijiji vya Kagera vilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 17 waliaga dunia, nyumba zaidi ya 2,000 ziliporomoka, na maelfu nyingine zikapasuka kuta. Kwa vipimo vya dunia hilo ni tetemeko la wastani, na nyumba iliyojengwa sawasawa yaweza kulistahimili.

Somo kubwa zaidi lilitoka Pakistan. Asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 2005, katika siku za mwanzo za Ramadhani, watoto wakiwa madarasani, ardhi ya Kashmir na milima ya jirani ilitikisika kwa ukubwa wa 7.6. Zaidi ya watu 73,000 walikufa. Serikali iliweza kuwapa kazi makampuni makubwa yakajenga vijiji vya mstari mmoja kama kambi. Haikufanya hivyo. Kila familia ilipewa fedha ijijengee, lakini kwa mafungu: fungu la pili halikutoka mpaka mkaguzi auone msingi, na lililofuata halikutoka mpaka azione kuta. Papo hapo waashi wa vijijini wakafundishwa kwa wingi, maana fedha bila fundi ajuaye ni kurudia kosa kwa gharama mpya. Nyumba zaidi ya 400,000 zilijengwa vijijini kwa njia hiyo.

Kuna jambo moja katika habari ya Kashmir lipasalo kusomwa mara mbili na watu wa Wajir. Mwanzoni wahandisi walikubali nyumba za matofali na nondo tu. Kisha ikaonekana kwamba nyumba za kizamani ziitwazo dhajji, zenye fremu ya mbao nyembamba zilizopitana na vijiwe kujazwa katikati, zilikuwa zimesimama mahali ambapo nyumba za mawe mazito zililala. Mbao zile hujipinda na kurudi, na kijiwe kikianguka huanguka peke yake. Ikabidi ufundi wa mababu uandikwe katika kanuni za serikali, na familia zilizojenga dhajji zikapata fedha sawa na wenzao. Aqal nayo ni nyepesi, nayo hujipinda, na haijapata kumfukia mtoto chini ya kifusi. Hatusemi kila mtu arudi katika aqal. Tunasema kwamba mwanamke aliyeifunga fito kwa kamba mpaka isitikisike kwa upepo wa jangwani anajua maana ya kiungo, na kiungo ndio nusu ya elimu ya nyumba imara. Katika darasa la uashi huyo si mwanafunzi wa kuanza na alifu.

Karibu zaidi, katika Kaunti ya Garissa, kuna mfano wa Dadaab. Mafuriko ya Novemba 2006 yalizisomba kambi za wakimbizi, Ifo ikiathirika vibaya, na vibanda vya matawi na maturubai vikaenda na maji. Katika miaka iliyofuata mashirika yalianza kufundisha kufyatua matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, fungu moja kwa mafungu kumi na sita hadi ishirini, na tofali hutoka na meno yanayoshikana na mwenziwe hata saruji ya kuungia ikapungua sana. Halichomwi, kwa hiyo halili kuni, na katika nchi ambayo mama hutembea nusu siku kutafuta mzigo wa kuni hilo si jambo dogo. Lakini nyumba za matofali hayo zilipoanza kusimama katika eneo jipya la Ifo 2, Serikali ilisimamisha ujenzi kwa hofu kwamba nyumba ya kudumu itamfanya mkimbizi wa kudumu. Mwenye kutoa hukumu katika jambo hilo na atoe. Sisi tunalotaka lionekane ni kwamba ujuzi ulibaki mikononi mwa waliofundishwa. Tofali lilizuiwa, ujuzi haukuzuiliwa.

Sasa turudi kwa mama. Tofali hili, sawa na ukuta wowote wenye saruji, halipati nguvu kwa kukauka upesi. Hupata nguvu kwa kunyweshwa maji na kufunikwa, siku saba kwa uchache. Ukiliacha juani siku ya kwanza litaonekana gumu, na msimu wa mvua litamomonyoka kama mkate uliolowa. Katika Wajir maji ya kunywesha tofali huja kwa mkokoteni wa punda au kwa dumu mgongoni, na mara nyingi msimamizi wa maji ya nyumba ni mwanamke. Ni yeye aamuae, jioni ya siku ya nne, kama dumu la mwisho litaoga watoto au litanywesha ukuta. Kama hakuna aliyemweleza kwa nini ukuta unakunywa maji, atawaogesha watoto, na nani atamlaumu? Visima vingi vya Wajir vina chumvi, na chumvi hula nondo zilizomo ndani ya zege. Anayejua kisima kipi ni kitamu na kipi ni cha chumvi ni nani, kama si yule achotae?

Kadhalika na choo. Maji ya ardhini Wajir yako karibu sana na uso wa ardhi, na mwamba ni mgumu kuchimbika, ndiyo sababu mji uliishi miaka mingi kwa vyoo vya ndoo. Fundi mgeni huchimba shimo kama alivyozoea kwao, na mafuriko yakija shimo hilo huungana na kisima. Kipindupindu kimeizuru Wajir na Garissa zaidi ya mara moja, na mwenye kukesha na mgonjwa anajulikana. Mwashi mwenyeji hujenga choo kilichoinuliwa juu ya ardhi, mbali na kisima, kwa sababu maji hayo atayanywa yeye pia.

Wako watakaosema kazi ya mwiko haimfai mwanamke, kwa ugumu wake au kwa stara. Kuhusu ugumu, aliyewahi kuona aqal ikipakiwa juu ya ngamia hatauliza tena. Kuhusu stara, pana njia: kikundi cha kina mama kinachofyatua matofali katika ua wao wenyewe, wakifundishwa na mwanamke mwenzao, hakina la kulaumiwa. Huko Gujarat, India, mkoa ambao baadhi ya familia za Kikachi za Mombasa zina asili yao, baada ya tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 chama cha wanawake wafanyakazi cha SEWA kiliwachukua wanawake waliokuwa wakibeba karai za zege kichwani kwa ujira mdogo, kikawafundisha uashi wenyewe. Walikuwa tayari kwenye eneo la ujenzi, wakifanya kazi nzito zaidi na kulipwa ya chini zaidi. Kilichokosekana ni mwiko tu. (Kiswahili chetu, kwa hekima au kwa mzaha, kimeupa mwiko wa jikoni na mwiko wa mwashi jina moja.)

Wala Wajir haikosi kielelezo chake. Mapigano ya koo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalipokuwa yakichoma maboma, walioanza kukutana sokoni kutafuta suluhu walikuwa kina mama, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, aliyetunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Wakati ule pia palikuwa na waliosema suluhu ni kazi ya wazee wanaume.

Basi mafunzo yakija tena, yafaa mambo machache yaulizwe kabla ya kutia saini. Je, nusu ya viti ni vya wanawake, na saa za darasa zimepangwa kwa mtu mwenye watoto? Je, watafundishwa kupima udongo kwa chupa, yaani kuujaza hadi theluthi, kumimina maji, kutikisa na kungoja utulie tabaka kwa tabaka, ili waujue mchanga na mfinyanzi bila kupeleka chochote Nairobi? Je, watajenga nyumba nzima kwa mikono yao, tangu msingi ulioinuliwa juu ya alama ya maji ya 2023, hadi mkanda wa zege uzungukao nyumba juu ya milango, hadi waya ulifungao paa? Darasa la siku tatu lenye chai na vyeti halimfanyi mtu mwashi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutoa mtihani wa ufundi wa madaraja, na aliyejifunza kazini aweza kuufanya. Cheti hicho chaweza kumsaidia mama wa Griftu anapotafuta kazi ya kujenga darasa la shule au zahanati.

Na familia iliyokwisha kumwita fundi, awe nani, yaweza kuanza leo. Mwombe atundike timazi kwenye pembe ya ukuta mbele yako, na umuulize ni nani atakayenywesha ukuta siku ya tano atakapokuwa ameondoka.