Kufukuza, Kufukiza na Kuua: Majani ya Kujikinga na Wadudu katika Ukingo wa Uvira

1. Utangulizi

Mji wa Uvira umebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kaskazini yake umetandaa uwanda wa mto Ruzizi, wenye mashamba ya mpunga na miwa, na madimbwi yasiyokauka upesi. Mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba nyingi, pamoja na kupanda kwa maji ya ziwa katika miaka iliyofuata, yaliziacha familia nyingi bila kuta za kuwazuia mbu. Hivyo basi, swali la namna ya kujikinga na wadudu si la maabara tu. Huulizwa kila jua linapotua.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi majani ya mimea yanavyomkinga mtu na wadudu. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba maneno tunayotumia katika kuieleza kazi hiyo yana sehemu yake katika usalama wa mtumiaji. Mazungumzo ya kawaida hutosheka na ibara moja: "dawa ya wadudu". Ibara hiyo hukusanya pamoja mambo matatu ambayo Kiswahili chenyewe kina vitenzi vya kuyatenganisha: kufukuza, kufukiza na kuua.

2. Kufukuza

Mbu jike humtafuta mtu kwa kufuata hewa ya ukaa anayoitoa kwa pumzi, joto la mwili wake na harufu ya ngozi yake. Majani yenye harufu kali yana mafuta mepesi ambayo hugeuka mvuke kwa urahisi. Mvuke huo humchukiza mdudu au humvurugia dalili anazozifuata, naye akaenda kwingine. Hajafa, amefukuzwa tu.

Miongoni mwa mimea ya namna hii ni kivumbasi, jina linalotumika kwa aina kadhaa za jamii ya Ocimum, ndugu zake mrehani. Kuna pia mchaichai, ambao harufu yake ya limau hutokana na kemikali iitwayo sitrali. Lakini mmea uliochunguzwa zaidi ni mkaratusi wenye harufu ya limau, Corymbia citriodora. Mwaka 2005 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kiliitaja dawa itokanayo na mkaratusi huo miongoni mwa dawa za kupaka ngozini zinazofaa dhidi ya mbu. Hapa hapana budi kuwa waangalifu. Kinachofanya kazi kwa muda mrefu katika dawa hiyo ni kemikali ijulikanayo kwa kifupi kama PMD, ambayo katika jani bichi ni kidogo sana na huongezwa kwa kuyatengeneza mafuta kiwandani. Mafuta yaliyokamuliwa tu kutoka majanini hupoteza nguvu mapema, kwa kuwa sifa ileile inayoyawezesha kufukuza, yaani wepesi wa kuwa mvuke, ndiyo inayoyamaliza.

Kuna jambo jingine ambalo kitenzi chenyewe kinatudokezea. Anayefukuzwa huenda mahali. Utafiti wa nchini Bolivia uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mbu waliomkwepa mtu aliyejipaka dawa walimgeukia mwenzake wa karibu asiyejipaka. Katika nyumba zilizosongamana, au katika kambi ya waliokimbia maji, anayejikinga peke yake huenda akamwongezea jirani mzigo.

3. Kufukiza

Vitenzi kufukuza na kufukiza vinatofautiana kwa irabu moja tu, na mara nyingi jambo la pili hutumika kulitimiza la kwanza. Hata hivyo, si jambo moja. Kufukiza ni kutia moshi au mvuke mahali, ama kwa kuunguza majani, ama kwa kuyapasha moto. Anayeyatupa majani ndani ya ndimi za moto huunguza sehemu ya mafuta yale yale anayoyahitaji, na kinachobaki zaidi ni moshi, ambao huumiza macho na vifua vya watoto. Anayeyaweka juu ya bamba la chuma lililo juu ya makaa huyatoa mafuta bila kuyateketeza.

Watafiti walijaribu njia hizi magharibi ya Kenya, karibu na Ziwa Viktoria, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002 na 2003. Walitumia majani yaliyopashwa moto, na pia mimea hai iliyowekwa ndani katika vyungu. Njia zote mbili zilipunguza mbu, lakini hazikuwamaliza. Tena, mbu wengi waenezao malaria huuma usiku wa manane, makaa yakiwa yamekwisha kuzimika. Basi majani yanaweza kumsaidia aketiye barazani jioni. Aliyelala anahitaji chandarua chenye dawa.

4. Kuua

Utupa, yaani Tephrosia vogelii, ni mmea wa namna nyingine. Majani yake yana rotenoni na kemikali za jamii yake, ambazo humzuia kiumbe kutumia oksijeni mwilini. Wakulima wa sehemu nyingi za Afrika huyatwanga na kuyachanganya na maharage ili kuyakinga na fukusi. Wavuvi nao wameyatumia tangu zamani kulevya samaki. Kwa ukingo unaoishi kwa ndakala, hili si jambo dogo: majani yaoshwayo mtoni baada ya kazi ya shambani ni sumu inayoteremka ziwani.

Jina nalo halitoshi kuthibitisha nguvu. Uchunguzi uliofanywa Malawi na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba baadhi ya mimea ya utupa haina rotenoni kabisa, ingawa kwa macho inafanana na mingine. Mkulima aliyepanda mbegu hizo atadhani amekosea kipimo, na huenda akakiongeza bila faida.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba majani yote hayo huitwa "dawa", hali kazi zake ni mbalimbali. Anayedhani kuwa kivumbasi huua atakiacha chandarua. Anayedhani kuwa utupa hufukuza tu ataupaka mwilini mwa mtoto. Lugha ina njia ya kuzuia makosa hayo. Kwa kuwa tumekwisha kulizoea neno kiuawadudu, tunapendekeza kando yake neno kifukuzawadudu, lililoundwa kwa kanuni ileile, na kitenzi kufukiza kibaki kuwa jina la njia, si la dawa. Wanafunzi wanaokusanya majina ya mimea katika Kifuliiru, Kivira na Kibembe wangefaa kuandika, mbele ya kila jani, si maana yake tu, bali pia kama linafukuza, linafukizwa au linaua. Safu hiyo moja katika daftari yaweza kumfaa mama wa Kavimvira kuliko kurasa nyingi za sifa za mitishamba.