Kweli au Uzushi: Afisa Ustawi na Mwanafunzi

Ukikaa Usa River, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru, hukosi kusikia hadithi za afisa ustawi wa jamii. Tuzipime.

"Akibisha hodi, ujue mtoto anachukuliwa." Uzushi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, amri ya kumtoa mtoto kwa wazazi na kumweka chini ya uangalizi hutolewa na mahakama, tena pale anapodhurika au akiwa hatarini. Nyumba ya udongo si kosa. Mgeni wako amekuja na maswali: mtoto analala wapi, anakula nini, nani anamwamsha.

"Dawa ya mtoro ni fimbo." Uzushi, ingawa waumini wake ni wengi. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaweka mwisho wa viboko vinne, na mchapaji ni mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Haya, tuseme taratibu zote zimefuatwa: fimbo imejibu swali gani? Fungua daftari la mahudhurio. Mtoto hayupo Jumatano hii, Jumatano ijayo hayupo, ya tatu vilevile; siku nyingine anawahi namba kama kawaida. Mwalimu ataandika utoro. Afisa ustawi anayeijua Tengeru atakumbuka kwamba Jumatano ni siku ya gulio, na ataenda kuuliza ni nani anayembebea bibi ndizi. Hapo kikao ni cha bibi, mwalimu na mwenyekiti wa kitongoji, na cha kutafuta ni mbebaji mwingine.

"Elimu ni bure, umaskini si kisingizio." Nusu kweli. Ada za shule za serikali zilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na 2022 kidato cha tano na sita. Sare, madaftari na chakula cha mchana bado vinamsubiri mzazi. Hata St Jude, shule ya hisani iliyoanzishwa na Gemma Sisia mwaka 2002 na yenye kampasi hapa Usa River, hufika nyumbani kuona hali ya familia kabla ya kumpokea mtoto. Fomu haioni jiko lisilowashwa.

"Akishapata mimba, shule basi." Ilikuwa kweli, sasa ni uzushi. Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurudi darasani. Ruhusa hiyo hailei kichanga, kwa hiyo kuna bibi, shangazi na baba wa kuzungumza nao kwanza.

"Mkono mmoja haulei mwana." Kweli tupu. Wazee waliitangulia sheria, ambayo leo inamtaka yeyote mwenye taarifa za mtoto anayenyimwa haki zake aziripoti kwa serikali ya mtaa wake. Kwa hiyo ile ya "ya nyumba ya watu hayanihusu" haina pa kujificha. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Au anza na ofisi ya kata.