Uzuri wa Injini ya Ndege, na Swali la Kazi Yake

Wasomaji wetu wengi wamekwishasimama kwenye uwanja wa ndege kumsindikiza mzazi anayekwenda Hija au ndugu anayekwenda masomoni. Wakubwa huutazama mlango alikopitia msafiri. Watoto hulitazama lile duara kubwa lililo chini ya bawa. Siku moja tulimsikia mtoto akiuliza, "Baba, lile feni ni la nini?" Akaambiwa anyamaze.

Mtoto yule alistahiki jibu. Alichokiona kimewashughulisha wapiga picha na wajuzi wa sanaa kwa muda mrefu. Mwaka 1934, Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York lilionyesha springi, beringi na pangaboi ya boti, vikapangwa kwa heshima ile ile wanayopewa wachongaji. Leo jumba hilo limehifadhi panga moja la injini ya GE90-115B, inayoirusha Boeing 777-300ER. Injini hiyo ina mapanga 22 upande wa mbele, na duara lao lina upana wa mita 3.25, karibu kimo cha watu wawili.

Mpiga picha aliyeruhusiwa kuifikia injini kama hiyo husimama katikati hasa ya duara, ili mapanga yatawanyike sawasawa mbele yake mithili ya ua. Huepuka mwanga mkali unaorudi machoni. Hutafuta mwanga laini wa ubavuni, uliopita juu ya mipindo na kuacha kivuli chembamba kati ya panga na panga. Akienda nyuma, kwenye chuma kilichozoea moto, huenda akakuta rangi za samawati, zambarau na dhahabu ambazo hakuna aliyezipaka.

Hapo ndipo penye mazingatio. Panga limepindwa kwa sababu ncha yake huenda kwa kasi kuliko shina lake, hivyo kila sehemu yahitaji pembe yake ili kuusukuma upepo. Ile alama nyeupe ya mzunguko, mfano wa konokono, iliyochorwa katikati ya injini nyingi, imewekwa ili mfanyakazi aliye chini atambue kuwa injini inazunguka, asisogee akaangamia. Ndivyo alivyo fundi wa jahazi: haupindi ubao ili upendeze, bali ili chombo kipasue maji, uzuri huja wenyewe.

Basi ikiwa uzuri wa injini umetokana na kazi yake, anayeutazama hana budi kuuliza: kazi gani? Ndege ya kwanza ya jeti, ya Ujerumani, iliruka Agosti 1939, siku chache kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ilipofika mwaka 1944, ndege za kivita za jeti zilikuwa zikitumiwa na Ujerumani na Uingereza. Mipindo ile ile inayomfikisha mama yetu Jidda humfikisha rubani wa mabomu juu ya nyumba za watu, na katika picha zote mbili chuma hung'aa vilevile. Mmarekani Paul Strand, aliyepiga picha za mashine kwa ustadi mkubwa, alionya katika makala yake ya mwaka 1922 kwamba mashine imegeuzwa mungu mpya. Hakuiacha kamera yake. Alikataa tu kusujudia alichokipiga picha.

Twawausia wazazi wasiwanyamazishe watoto. Si lazima mtu aende uwanja wa ndege. Mpe mwanao simu, aipige picha cherehani ya bibi yake au mashine ya kusaga ya mtaani ikiwa imezimwa, kwa idhini ya mwenyewe. Akikuletea picha, muulize maswali mawili: kwa nini sehemu hii imepindwa hivi, na mashine hii yamfaa nani? La kwanza litamfunza kuona. La pili litamfunza asidanganywe na anachokiona.